Kifua Wazi Katika Nyumba ya Baba Mkwe

Sista wa wodi hii ameniomba nizungumze nanyi dakika chache, ingawa anajua vizuri dakika chache zangu huwa zinafika wapi. Mtanivumilia. Nawaona mmekaa hapo na watoto wenu vifuani, vichwa vyenyewe vidogo kama ndimu, na kila mmoja wenu anajifanya hajalia leo. Mimi nilikalia benchi hiyo hiyo. Nililia mpaka mwenzangu wa kitanda cha pili akaniambia nipunguze sauti, namwamshia mtoto.

Naitwa Wambui. Nilizaliwa Kayole, wazazi wangu ni watu wa Murang'a, na kazi yangu ni ufundi wa nguo. Nina kibanda sokoni Jericho, cherehani mbili na mdomo mmoja unaofanya kazi ya mitatu. Mteja akiniletea kitambaa cha sketi akitaka nimshonee gauni, namwambia palepale kwamba mimi ni fundi, si mchawi. Wengine hukasirika, halafu wanarudi. Mume wangu Simiyu tulijuana hivyo. Alileta suruali ipunguzwe, akaileta tena iongezwe, akaja na nyingine ambayo haikuwa na kasoro hata moja. Nikamuuliza, "Wewe unashonesha ama unaposa?" Akacheka. Basi tukaoana.

Tukaenda kukaa kwa baba yake, hapo hapo Jericho. Mzee alikuwa mfanyakazi wa kaunsili ya jiji tangu ujana wake, akapewa nyumba ya vyumba viwili, akalea watoto wote humo. Mkewe, jina lake Nekesa, alifariki kabla sijajulikana katika ukoo huo. Kwa hiyo tulikuwa watu watatu: mzee, Simiyu na mimi, na pazia la maua katikati.

Sasa sikizeni vizuri hapa, kwa sababu shida yangu yote ilipita hapa. Kwao Bungoma, mke wa mwana na baba mkwe hawagusani. Hawasalimiani kwa mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani machoni. Mjini watu wengi wameyaacha hayo, lakini mzee hakuyaacha, na mimi nilimpenda kwa sababu hiyo. Alikuwa akikohoa mara mbili kabla ya kuingia ndani ya nyumba yake mwenyewe, ili nijue anakuja, nivute leso vizuri. Chai yake niliiweka kwenye stuli, nikaondoka, ndipo akaja kuichukua. Hata mdomo wangu huu, mbele ya mzee ulikuwa unafungwa kama duka la Jumapili.

Mimba ilikuja, tukafurahi. Nilikuwa nashona sare za shule, msimu wa kufungua, miguu ikaanza kuvimba. Nilidhani ni kukaa sana. Nikahama viatu nikavaa slipas za Simiyu. Halafu kichwa kikaanza kuuma upande wa mbele, na nikitazama sindano naona vimulimuli vinacheza. Mama mmoja mteja akaniangalia uso akasema, "Wewe Wambui, huo uso si wako. Enda hospitali leo, si kesho." Nilitaka kumaliza kola iliyokuwa kwenye cherehani. Akanizimia cherehani. Huyo mama namwombea mpaka leo.

Hospitalini walipima presha, wakapima tena kwa mashine nyingine kwa sababu hawakuamini ile ya kwanza. Daktari, kijana mdogo tu, akaketi karibu na kitanda changu. "Mama, presha iko juu sana. Tukingoja utapata degedege, na tunaweza kuwapoteza nyote wawili. Lazima tumtoe mtoto sasa."

Nikamwambia ni wa miezi saba tu.

"Najua," akasema. "Tutajitahidi na nyote."

Sikumwona akizaliwa. Niliamka na mshono unaowaka kama pasi, koo limekauka, na tumbo limelala. Nikauliza mtoto yuko wapi. Simiyu akasema yuko kwenye inkubeta, ni msichana, ana kilo moja na kitu kidogo. Halafu akageuka upande wa dirisha. Huyo mwanamume simjui kwa kulia, lakini mabega yalikuwa yanatingishika.

Waliponipeleka kwa kiti cha magurudumu kumwona, nilitaka kurudi. Nisameheni, lakini nasema ukweli. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba, mishipa yote inaonekana, mapaja ni kama kidole changu. Bomba puani, waya kifuani. Mara nyingine alisahau kupumua, mashine ikalia, sista akaja akamkuna wayo mpaka akakumbuka. Nilisimama hapo nikajiambia nisimpende sana. Nilishindwa siku hiyo hiyo.

Sista Halima, huyu huyu mnayemwona, akanijia na kikombe kidogo. "Mama Nekesa, tuanze kazi." Tayari tulikuwa tumempa jina la nyanya yake. Nikauliza kazi gani, mimi ni mgonjwa. Akasema, "Sisi tunamfanyia yote, lakini maziwa hatuwezi kuyatengeneza. Tumbo la mtoto kama huyu ni changa. Maziwa ya mama ndiyo hulizoea, na ndiyo humkinga na maradhi ya tumbo yanayotuulia hawa wadogo."

Nikakamua. Nikakamua mpaka vidole vikafa ganzi. Yakatoka matone ya njano, mazito, hayajai hata kifuniko cha soda. Mama aliyekuwa karibu nami alikuwa anajaza kikombe, chaa, chaa, nami nataka kumfinya. Nilitaka kuyamwaga yale ya njano nikidhani ni uchafu. Sista akanishika mkono. "Weee. Hiyo ndiyo dawa yenyewe." Akayavuta yote kwa sirinji isiyo na sindano, hadi tone la mwisho lililoshika pembeni ya kikombe, akayapeleka kwenye bomba la Nekesa.

Lakini hayakutosha. Presha ilikuwa bado inanisumbua na nilikuwa na hofu, maziwa yakagoma. Daktari akatuambia hospitali ina maziwa yaliyotolewa na akina mama wengine, yamepimwa, yamepashwa moto kuua viini, mtoto anaweza kupewa huku yangu yakingojewa. Simiyu akauliza, "Ni ya nani?"

Sista akamjibu, "Ya mama."

Simiyu akafikiri kidogo, akasema sawa. Kuna mwanamke mahali fulani katika mji huu aliyekamua kwa ajili ya mtoto asiyemjua, na mtoto huyo alikuwa wangu. Simjui jina. Nikiwa kwenye foleni yoyote na mwanamke, huwa nawaza labda ni huyu, na ndiyo maana siku hizi nimepunguza kugombana kwenye foleni.

Presha iliposhuka wakaniwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nyinyi mlivyo sasa. Nilimsikia akitulia. Pumzi yake ikaanza kufuata yangu. Na matiti, ambayo nilikuwa nayatukana kila asubuhi, yakajaa yenyewe mpaka gauni likalowa. Kuanzia hapo nilikuwa nashinda kifua wazi wodini kama wenzangu wote. Daktari apite, fundi wa taa apite, sikujali. Nekesa akaongezeka, akajifunza kunyonya, akatoa bomba kwa mkono wake mwenyewe siku moja kwa hasira. Sista akasema huyo amechukua tabia ya mama.

Siku ya kwenda nyumbani Sista akaniambia, "Kazi ni ile ile. Kifuani mchana na usiku, maziwa yako peke yake, kila saa mbili tatu, mpaka awe mkubwa wa kujipasha joto. Umeelewa?"

Nikaitikia. Nilikuwa nimeelewa kila kitu, isipokuwa sikuwa nimefikiria nyumba yetu.

Tulifika Jericho, mzee yuko sebuleni. Vyumba ni viwili, pazia ni moja, na njia ya kwenda jikoni na ya kwenda nje inapita palepale alipokaa. Sasa niambieni nyinyi. Nitembee kifua wazi mbele ya baba mkwe ambaye hajawahi hata kuniona bila kitambaa kichwani? Nilifunga vifungo mpaka shingoni. Nikamfunga Nekesa blanketi nne, nikamwekea chupa ya maji moto pembeni. Kunyonyesha nilingoja mzee atoke, na mzee miguu ilikuwa inamuuma, hakuwa anatoka sana. Akiwa ndani nilijifunika leso nikamnyonyesha kwa haraka haraka, moyo unapiga, sikio liko kwenye pazia. Simiyu nilimwambia amweleze baba yake. Akaniangalia kama nimemwambia akaibe. "Nitaanzaje kumwambia mzee habari ya kifua chako?" Kweli, angeanzaje.

Basi tukaendelea na heshima yetu. Nekesa akawa analala sana. Nilidhani ni mtoto mtulivu. Maziwa yakaanza kupungua tena. Asubuhi moja nilimgusa mguu, ulikuwa baridi kama chuma cha cherehani. Midomo haikuwa na rangi nzuri. Nikamweka kwenye titi, hakufungua mdomo.

Tulimrudisha mbio. Sista alimweka kwenye mizani, akanitazama. Alikuwa amepungua kuliko siku tuliyotoka. Daktari akasema mtoto amepoa, sukari imeshuka, anatumia nguvu yake yote kujipasha joto na haibaki ya kukua. Akatuambia waziwazi, "Safari nyingine kama hii hatawahi kufika." Wakamrudishia bomba.

Sista Halima alinipeleka kando. Nilidhani atanifokea. Aliniuliza tu, "Nyumbani kuna nini?" Nikamweleza habari ya mzee na pazia. Hakunicheka. Yeye pia ni wa watu wenye kujistahi. Akafikiri, akasema, "Sasa Wambui, huyo mzee amekataa, ama hajaulizwa?"

Swali hilo lilinikalia kichwani hadi siku tuliporuhusiwa tena. Nikafika nyumbani, Simiyu kaenda kazini, mzee yuko upande wake, mimi upande wangu. Nikakaa kitandani na Nekesa. Nilijaribu kuita "Baba", sauti ikakataa. Mdomo huu unaouona, Sista, ulikataa. Nikamtazama mtoto. Nikaanza kuongea naye, kwa sauti ya kusikika.

"Nekesa, mwambie babu yako kwamba wewe ulitaka kufa."

Upande wa pili redio ikapunguzwa.

"Mwambie daktari amesema dawa ni kukaa kifuani kwa mama, bila nguo katikati, mchana kutwa, na kunyonya kila wakati. Mwambie mama anamheshimu sana, ndiyo maana alikuwa anakufunika blanketi. Mwambie mama hajui afanye nini, kwa sababu nyumba ni ya babu na mama hana pengine pa kwenda."

Nikasikia kiti kikisogezwa. Nikajua nimeharibu, mzee ataondoka aende zake Bungoma, ukoo mzima uniulize nilisema nini. Halafu akakohoa, mara mbili, kama kawaida yake.

"Nekesa," akasema, "mwambie mama yako nyumba hii ilijengwa ya watoto. Mimi kiti changu kinaweza kukaa nje. Atoe nguo zote anazotaka. Mwambie pia kwamba mlangoni kuna mtu."

Nikamsikia akikokota kiti hadi barazani. Nilivua blauzi, nikamtoa Nekesa kwenye blanketi zake, nikamweka pale. Nililia nikicheka. Maziwa yalikuja hata kabla hajashika titi.

Tangu hapo mzee akawa na kazi. Asubuhi akishakunywa chai anatoka na kiti, kofia na redio yake, anakaa mlangoni mpaka Simiyu arudi. Mvua ikinyesha anavaa koti lake la zamani la kaunsili, anasogea ukutani. Jirani walikuja, si mnajua mtoto mpya alivyo, kila mtu anataka kumbeba na kumbusu na mafua yake. Kikundi cha kina mama wa kanisa kilikuja na sufuria ya uji na kuku. Nilimsikia akiwaambia, "Asanteni sana. Kuku nitampokea. Mtoto hamwezi kumwona, yuko kazini."

"Kazi gani, mzee?"

"Ya kukua. Mama yake ndiye supavaiza. Rudini baada ya mwezi."

Waliondoka wakinung'unika, na uji wakarudi nao; kuku alibaki.

Alisikia mahali kwamba wanawake wa kwetu wakinyonyesha hula njahi, yale maharagwe meusi. Akaenda mwenyewe sokoni na miguu yake hiyo akanunua, akapika kwenye jiko la makaa barazani. Mluhya wa Bungoma na njahi za kwetu, mnaweza kufikiria. Zilikuwa ngumu kama kokoto. Aliweka sahani mlangoni, akakohoa, akaenda. Nilikula zote. Sista alinieleza baadaye kwamba mtoto anavyonyonya na kumaliza ndivyo maziwa yanavyoongezeka, ila mama naye lazima ale na anywe maji. Sikumwambia mzee hivyo. Njahi ziliendelea, na polepole zikaanza kuiva.

Mazungumzo yetu pia yaliendelea, yote kupitia kwa Nekesa. "Nekesa, mwambie babu chakula tayari." "Nekesa, mwambie mama yako gesi imeletwa." Mtoto mwenyewe amelala anatokwa na mate. Ndivyo nilivyokuja kumjua mzee. Alinieleza kupitia kwake kwamba mkewe alipoteza mtoto wa kwanza, aliyezaliwa mapema vile vile, na wakati huo hakuna aliyewaambia la kufanya. Walimfunga blanketi wakamlaza. Alisema hivyo jioni moja, na mimi nikamvuta Nekesa karibu zaidi kifuani.

Nekesa alikua. Polepole, lakini mizani ilipanda kila kliniki. Hapo tena nikakutana na watu. Mama mmoja wa ploti ya nyuma alikuwa na mvulana wa umri mmoja na Nekesa, mnene, ana mikunjo hadi kwenye vifundo vya mikono. "Huyo wako mbona ni mdogo hivyo? Maziwa yako ni maji. Mpe uji, mpe maziwa ya ng'ombe." Siku hiyo mdomo ulikuwa umenirudia. Nikamwambia mtoto wangu hauzwi kwa kilo. Lakini usingizi nilikosa. Sista akanieleza kwamba mtoto kama huyu umri wake hauhesabiwi tangu alipozaliwa, unahesabiwa tangu siku aliyopaswa kuzaliwa. Nilikuwa nawashindanisha watoto wawili na mmoja wao alianza mbio akiwa bado hajafika. Nilimnyonyesha hadi wakati wake wa chakula ulipofika kweli, na baada ya chakula nikaendelea.

Alichelewa kukaa. Alichelewa kusimama. Mvulana wa ploti ya nyuma alikuwa anapiga mpira, wangu anatambaa. Kisha akatembea, nikashusha pumzi, lakini kusema hakusema. Alitazama, alielewa, alinyoosha kidole, neno halikutoka. Daktari wa kliniki alimpima masikio, yalikuwa mazima. "Wengine huchelewa," akasema. "Ongeeni naye sana. Mleteni tena." Kwa nje niliitikia. Kwa ndani nilikuwa naogopa vibaya. Zile siku alizokuwa anasahau kupumua, na ule mguu wa baridi, vilikuwa vinanirudia kila mara nikiuliza labda kitu kiliharibika kichwani. Simiyu naye nilimwona akimtazama mtoto kwa hofu ile ile.

Niwape niliyo nayo kabla sijamaliza, maana naona Sista anatazama saa. Kamueni hata kama ni tone, na msilimwage la njano. Yakikosekana na hospitali ikawapa ya mama mwingine, pokeeni. Mkienda nyumbani msifikirie mizani peke yake, fikirieni nyumba: nani yuko humo, mlango unafungwa vipi, aibu yako inamhusu nani. Halafu mwambieni mtu huyo. Tafuteni njia yoyote ya kumwambia. Nawashukuru madaktari, namshukuru Mungu, namshukuru yule mwanamke nisiyemjua, na yule aliyenizimia cherehani. Mzee nitamshukuru kwa hili la mwisho.

Nilikuwa jikoni nakanda unga. Mzee yuko barazani kama kawaida, kiti bado anatoka nacho hata baada ya miaka hiyo, na Nekesa anacheza na vifuniko miguuni pake. Nikamsikia mzee, "Nekesa, mwambie mama yako nangoja chai." Alikuwa anasema tu, kama alivyosema kila siku.

Nikasikia vijiguu vinakuja. Akaingia, akashika sketi yangu kwa mikono miwili, akaniangalia juu.

"Mama," akasema. "Babu chai."

Mikono yangu ilikuwa kwenye unga na sikuweza kuitoa.

"Nekesa, mwambie babu inakuja."

Akageuka, akatembea hadi mlangoni, nami namsikiliza kila hatua.

"Babu. Inakuja."

Nje redio ikazimwa. Mzee alikohoa mara moja, akajaribu ya pili, haikutoka.